Kipima Mvua Namba Saba

Jumapili, 2 Novemba

Mvua ya kwanza leo alasiri. Nimeanza tena kuandika, jambo nililoliacha nilipostaafu ualimu. Sababu si ya maana sana: nyumba ikikaa kimya muda mrefu mtu huanza kuongea na vyombo, na jana nilijikuta naiambia sufuria ya wali kwamba imechelewa. Afadhali daftari.

Hapa Kalisuren mwenye watu alikuwa mume wangu. Hendro hakukosa shughuli hata moja, ya mimba ya miezi saba, ya maziko, ya mavuno, na alirudi na wali umefungwa kwenye jani la mgomba, nami nikaula huku nasahihisha mitihani. Sikwenda naye. Nilisema nina kazi. Sasa Hendro hayupo, kazi haipo, na mialiko nayo imekoma kuja.

Jumatatu, 3 Novemba

Ujumbe kwenye simu: "Kipima mvua namba 7 kinatoa taarifa tofauti na vingine. Tafadhali kikague." Nimekikagua pale kwenye mlingoti uwanjani kwangu. Hakina neno.

Alhamisi, 6 Novemba

Damar amekuja. Huja kila Alhamisi kutoka mjini Yogya na boksi la bakpia, vile vikeki vya kunde, na sijui angeacha kuja Alhamisi yangu ingekuwaje. Alikuwa mwanafunzi wangu wa fizikia, yule wa kukaa mbele na kuuliza mpaka wenzake wakaguna. Siku hizi ana kampuni changa iitwayo Titik.

Kampuni changa sizipendi kwa jumla. Nimeshaalikwa kwenye mikutano yao: mchoro wa mstari unaopanda, na kijana wa viatu vyeupe anayesema atabadilisha maisha ya wakulima ambao hajawahi kuwauliza hata wameamkaje. Lakini kipima mvua cha Damar nimekifungua mwenyewe kwa bisibisi, na ndani mna kazi safi. Vijiko viwili kwenye mhimili mmoja. Kimoja kikijaa maji kinapinduka na kumwaga, cha pili kinashika zamu, na kila kupinduka kunahesabiwa. Shaka yangu haimo kwenye kifaa. Imo kwenye kompyuta ya mjini, inayopokea habari za vipima vyote kumi na viwili vya kijiji hiki, inavilinganisha, halafu inaamua nani mkweli.

Na uamuzi huo si mchezo. Mlima wetu ni wa moto. Mvua ikizidi huko juu, jivu na mawe hushuka mtoni kwa pamoja, ndiyo lahar, na wachimba mchanga waliomo mtoni hawana muda mrefu wa kutoka. Programu ya Damar inawaonyesha rangi kwenye simu: kijani ingia, njano angalia, nyekundu toka.

"Bu Wur, chako kimeharibika," akasema, akiwa bado hajavua koti la mvua. Bado ananiita Bu au Ibu, yaani mama, kama darasani, nami humwita Mas, kaka.

"Au vimeharibika vile kumi na moja."

Akacheka. "Hata darasani ulikuwa hivihivi, Bu. Kumi na moja kwa mmoja? Mpira huo usingechezwa."

"Sayansi haipigiwi kura, Mas."

"Takwimu zinapigiwa, Bu. Ndiyo kazi yake."

Amenifungia kipya kwenye mlingoti, palepale uwanjani. Tumekunywa chai mpaka giza likaingia. Alipoondoka nikaiacha glasi yake mezani bila kuiosha, ujinga tu.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Ujumbe.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeweka kopo tupu la maziwa juu ya ukuta, na rula ndani yake. Kopo halina intaneti, kwa hiyo likidanganya litanidanganya mimi peke yangu.

Jumatatu, 17 Novemba

Kopo na kipima namba saba vinakubaliana. Ujumbe umekuja vilevile.

Alhamisi, 20 Novemba

Damar ameleta kipima cha tatu. Nikampeleka kwenye kopo. Akalitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mjukuu.

"Bu," akasema polepole, "mashine inajifunza kwa wengi. Mwezi huu imejifunza kwamba Kalisuren ni pakavu kuliko tulivyodhani. Upande huu mlima unazuia mawingu. Ni ugunduzi huo, Bu. Wawekezaji wameupenda sana."

"Na mimi ninayelowa?"

"Ibu unalala vizuri siku hizi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ndiyo maana liliniuma. Nimefundisha watu kutilia shaka kila kitu, na mwenye kutilia shaka kila kitu hana budi kujitilia shaka na yeye. Nina miaka sitini na tatu. Ninaongea na sufuria. Huenda ninasoma rula vibaya.

Jambo la pili ni baya zaidi, nami naliandika kwa sababu hakuna wa kulisoma. Nimeona uso wake ukichoka. Nikawaza: nikiendelea na habari za kopo, ataanza kuja kila wiki mbili, kisha kila mwezi, kisha atatuma fundi. Nikabadilisha mazungumzo.

Alhamisi, 27 Novemba

Damar. Kopo sikulitaja. Ametaka kunionyesha programu mpya inayojibu swali lolote. Nikaiuliza maswali ya mtihani wangu wa zamani. Imepata mengi, na yale iliyokosa imeyakosa kwa sauti ileile ya kujiamini. Nikamwambia nitaiheshimu siku itakayosema "sijui." Tukacheka. Ilikuwa siku nzuri. Baada ya kuondoka mvua ikanyesha, na ujumbe ukaja, nami nikaufuta bila kutoka nje.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Ujumbe. Nimefuta.

Jumanne, 9 Desemba

Nimejiandikisha kwenye masomo ya mtandaoni kuhusu namna mashine zinavyojifunza. Mwalimu ana meno mazuri. Anasema mashine haina upendeleo kwa sababu haimjui mtu. Nilitaka kunyoosha mkono, nikakumbuka kwamba hakuna wa kuuona. Elimu ya kukaa peke yako ina kasoro hii: unaruhusiwa kusikia, huruhusiwi kubisha.

Jirani, Bu Tumirah, alipita na tenga la tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa. "Mvua, Bu," akasema. "Ndiyo, mvua," nikasema. Ndiyo maongezi yetu ya mwezi huu.

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua. Sikusoma rula.

Alhamisi, 18 Desemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Damar alifika mchana. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima tangu asubuhi, meusi. Akafungua kompyuta kunionyesha hotuba atakayowasomea wawekezaji watakapotembelea kijiji tarehe kumi na tano Januari. Anataka nikae meza ya mbele, niitwe mshauri wa kisayansi. Nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi kupita kiasi.

Mvua ikaanza. Mvua nzito, ya kuufanya mtu aongee kwa kupaza sauti. Kutoka nilipokaa niliona kopo ukutani likijaa. Simu yangu ikalia, ujumbe uleule, kipima namba saba kikaguliwe. Nikafungua ramani: kijiji chote kijani, nukta moja tu ya kijivu, ndiyo mimi, niliyewekwa kando kwa kuwa mbovu. Kijani, ingia.

Nikamtazama Damar. Alikuwa anasoma sehemu inayonitaja, "mwalimu wangu aliyenifundisha kuuliza." Nikajiambia nitasubiri amalize ukurasa. Akamaliza ukurasa, akageuza mwingine. Nikammiminia chai.

Kisha tukasikia mngurumo kutoka mtoni. Asiyeujua hudhani ni lori. Tulitoka mbio na miavuli isiyosaidia kitu. Maji yalikuwa yameshakuwa tope, na tope lilibeba mawe makubwa kana kwamba ni maboga. Wachimba mchanga walikuwa wanapanda ukingo kwa mikono na magoti. Lori moja lilipinduka mbele yetu na kwenda na tope. Watu wote walitoka isipokuwa mmoja, naye walimkuta chini ya ukingo, amebanwa mguu kati ya jiwe na mzizi: Pak Sarju, mume wa Bu Tumirah. Walimvuta kwa kamba. Mguu umevunjika mahali pawili, lakini yu hai.

"Simu ilisema kijani," alikuwa anarudia, wala si kwa kulaumu, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa. "Ilisema kijani."

Damar alisimama kwenye mvua akijipangusa uso mara nyingi. "Labda mvua ilikuwa huko juu tu, Bu," akaniambia. "Hapa ilikuwa kidogo."

Alikuwa amelowa mpaka kwenye soksi wakati anasema hivyo.

Ijumaa, 19 Desemba

Sikula.

Jumapili, 21 Desemba

Leo nimekwenda kumtazama mgonjwa. Nimeishi mita hamsini kutoka mlango ule miaka minane, na leo ndiyo mara ya kwanza kuupita. Nilichukua sukari na majani ya chai kama nilivyoona Hendro akichukua.

Bu Tumirah alinikalisha sebuleni, akaenda kuchemsha maji. Pak Sarju alikuwa amelazwa kwenye kochi ambalo bado lina nailoni ya dukani. Mbele yangu kulikuwa na kabati la vioo. Ndani yake: picha ya harusi, seti ya vikombe visivyotumika, chupa ya maji ya Zamzam, na katikati, juu ya kitambaa cha kufuma, kipima mvua namba nne. Kimefutwa vumbi. Kimevalishwa mfuko safi wa plastiki.

Sikuweza kuondoa macho.

"Tunakitunza, Bu," Bu Tumirah akasema kutoka mlangoni, akiwa na sinia. "Mas Damar alitupa kwa mkono wake, siku ile ya karamu ya wali wa manjano, alipovigawa. Kiangazi tulikiacha kwenye mlingoti. Mvua ilipoanza baba watoto akasema kitu cha umeme kitaharibika, tukakiingiza. Kwa mkuu wa mtaa wamekitundika barazani, chini ya upenu. Wengine wamekiweka ndani kama sisi."

"Wote?"

"Wote wanajua kutunza kitu, Bu." Kisha akaona aibu. "Isipokuwa chako. Tulisema, masikini Bu Wur, kinalowa na hana wa kumsaidia kukiingiza. Tukaona vibaya kuja kukuingilia."

Mwezi na nusu Kalisuren pamekuwa pakavu ndani ya makabati. Kompyuta imehesabu kura kumi na moja za sebuleni na barazani, ikamtupa nje mmoja aliyekuwa mvuani. Nilitamani nicheke, na palepale nikakumbuka mguu.

Zamani ningesema palepale, kwa sauti ya darasani. Lakini nilimwona yule mama ameshika sinia, na nikajua nikisema vibaya atabeba mguu wa mumewe kama kosa lake mpaka kaburini. Nikapokea glasi. Nikanywa chai yote, tamu mno.

"Bu Tum," nikasema, "kifaa hiki kazi yake ni kulowa. Aliyekileta hakusema. Alidhani kila mtu anajua, na sisi wasomi ndivyo tulivyo. Kosa ni letu."

Akaiweka sinia mezani. "Kwa hiyo unamwacha mgeni wako nje kwenye mvua?"

"Huyu mgeni, ndiyo."

Akatazama kabati. Akamtazama mumewe. Uso ukaanza kumvunjika.

"Basi," Pak Sarju akasema kutoka kwenye kochi, "mguu wangu umevunjwa na kabati. Nitawaambia wenzangu ni jiwe."

Bu Tumirah alicheka huku analia. Nami nilitaka kuwaambia kwamba siku ile niliona kopo likijaa na nikammiminia mtu chai. Nikawaambia. Pak Sarju akatazama dari. "Mtu akiwa na mgeni mmoja tu," akasema baadaye, "humwogopa." Hakusema amenisamehe, na sikumwomba.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimemwambia Damar yote. Kabati, upenu, plastiki. Alikuwa ameshika bakpia na hakuila.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Nimepita hapa kila wiki. Kila mtu alisema vinafanya kazi vizuri sana."

"Uliwauliza vinafanya kazi, wakakujibu kwa adabu. Ungeomba kuviona."

"Na wewe, Bu? Unaishi hapa."

Alinipata. "Na mimi," nikasema.

Akafunga kompyuta. Wawekezaji wameupenda ukavu wa Kalisuren. Ndio uliopamba hotuba. Akaniomba nisubiri mpaka ziara ipite, kisha atarekebisha mwenyewe, kimya kimya, bila kumwaibisha mtu.

"Wachimbaji walirudi mtoni juzi, Mas. Siwezi kusubiri. Nitapita nyumba kwa nyumba."

"Ibu hujui hata majina yao," akasema, taratibu, kwa sauti ya mtoto mwema. Kisha: "Ndiyo, Bu. Ndiyo."

Sisi watu wa huku tuna ndiyo nyingi, na hiyo naijua. Ni ile ambayo mtu huitoa akiwa ameshasimama. Aliaga kwa kuinama zaidi ya kawaida yake. Bakpia zimebaki zote.

Jumapili, 28 Desemba

Jua. Nimezunguka na Bu Tumirah. Kila nyumba chai, kila chai sukari nusu glasi. Majina yao nimeyauliza na nikayarudia barabarani kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Pak Giyarto, mkuu wa mtaa, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pak Hendro alisema una akili sana, Bu. Tulikuwa tunasubiri uje."

Kwa Bu Mursiti tulibishana. Alikubali kukitoa nje kwa sharti kwamba akifungie mwavuli juu. Ilinichukua glasi mbili za chai kumwondoa kwenye huo mwavuli.

Alhamisi, 1 Januari

Vyote viko kwenye milingoti. Jua kali, hakuna tone. Damar hakuja.

Alhamisi, 8 Januari

Jua. Hakuja. Niliandaa glasi mbili, kisha nikairudisha moja kabatini.

Alhamisi, 15 Januari

Ukumbi wa kijiji, kitambaa kikubwa cha Titik ukutani, vitafunio kwenye maboksi. Wageni watano kutoka Jakarta. Jina langu limeondolewa meza ya mbele; nilikaa nyuma na kina Bu Tum. Sikukasirika. Nilisikitika tu.

Damar alizungumza vizuri. Ana kipaji, nilikuwa nimekisahau. Ramani nyuma yake ilikuwa kijani tupu. Nilikaa nikitumaini kwamba atafika kwenye ule ukurasa wa ukavu na kuuruka. Hakuuruka.

Hapo ndipo mvua ya wiki tatu ikaja kwa mpigo, juu ya paa la bati. Damar akapaza sauti. Simu yangu haikulia. Ikalia ya Bu Tumirah. Ikalia ya Pak Giyarto, ya Bu Mursiti, kisha ukumbi mzima ukawa unalia, na mwisho yangu. Watu wakasoma kwa pamoja: "Kipima mvua chako kinatoa taarifa isiyo ya kawaida. Tafadhali kikague." Ile kompyuta, iliyokwisha kujifunza ukavu wetu, imeona vipima kumi na viwili vinavyosema mvua, na imeamua vyote kumi na viwili ni vibovu. Ramani ikawa kijivu nukta baada ya nukta.

"Na mimi nimeharibika," Bu Tumirah akaninong'oneza.

Pak Giyarto hakutazama ramani. Alitoka akalipiga gogo la hatari la kentongan, mapigo ya mfululizo, na wachimbaji walikuwa juu ya ukingo wote kabla tope halijafika. Lilichukua ngazi yao na sepetu mbili.

Ukumbini mgeni mmoja aliuliza kitu kwa upole. Damar alikuwa ananitafuta kwa macho mpaka akanipata kule nyuma, akanitazama kama siku ile nilipomrudishia mtihani wake wa kwanza. Nilisimama nimfuate. Watu walikuwa wengi mlangoni, na gari lake likaondoka.

Ijumaa, 16 Januari

Nimemwandikia: "Ulifundishwa kuuliza. Mimi pia niliacha. Njoo tuanze tena." Alama zinaonyesha amesoma.

Alhamisi, 22 Januari

Hakuja.

Jumanne, 27 Januari

Mvua ndogo. Ujumbe kwa wote. Watu wameanza kuufanyia utani, Pak Sarju, akiwa na magongo, anawasalimia watu kwa "Tafadhali jikague."

Alhamisi, 29 Januari

Hakuja. Nimempoteza, nadhani. Niliyaogopa haya nikanyamaza, mtu akavunjika mguu, na yamekuja vilevile.

Alhamisi, 5 Februari

Mvua kubwa tangu saa nane. Niliandaa glasi mbili, tabia haifi upesi, nikakaa na simu mapajani kungoja ujumbe. Kopo likafika nusu. Ujumbe haukuja. Nikadhani mtandao umekatika, nikafungua ramani: nukta kumi na mbili, zote nyekundu. Namba saba imo katikati yao, nyekundu kama wenzake, haina alama yoyote.

Amerekebisha. Ameketi mahali fulani mjini akaifundisha upya kompyuta kutuamini, na hakunipigia kuniambia. Nilikaa na simu mpaka ikajizima mwanga. Msimu mzima ujumbe ule uliniudhi, na leo nimegundua kwamba ndio ulikuwa unaniandikia mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Bu Tumirah akaita kutoka ng'ambo ya uzio, amejifunika kichwa kwa sinia.

"Bu Wur! Kwako rangi gani?"

"Sawa na kwako."

"Basi leo hawashuki mtoni," akasema, akaingia ndani.

Nikainywa chai yangu. Kisha nikainywa na ile ya glasi ya pili, maana ilikuwa inapoa.